Barua Iliyowarudisha Watu

Kidoti na kaka yake walifanyia kazi kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi ulipenya sakafuni, na ifikapo saa nne asubuhi chumba kizima kilinukia mashati yaliyonyooshwa. Kaka alipenda kuwaambia wageni kwamba wao na dobi kazi yao ni moja: yeye ananyoosha nguo, wao wananyoosha maneno.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza violezo vya barua pepe kwa wenye biashara ndogo. Mtu ana duka la magodoro, au anaoka keki nyumbani, au anauza miche ya maua. Ana orodha ya wateja, lakini hajui awaandikie nini. Basi wao wanampangia barua: kichwa chake, picha inakaa wapi, maneno yanasemaje, na chini kabisa kitufe cha kubonyeza. Akishaipata, mwenye duka habadilishi kitu ila jina na tarehe, anatuma. Kidoti alishughulika na sura ya barua, yaani rangi, nafasi na ukubwa wa herufi, na yeye ndiye aliyezituma na kuhesabu waliofungua. Maneno yalikuwa ya kaka.

Jina la Kidoti alipewa na huyo huyo kaka, kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo kidevuni, na likamganda mpaka ukubwani. Kaka mwenyewe watu walimwita Mhariri. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye gazeti, akisahihisha habari za wengine, mpaka gazeti lilipofungwa na wote wakarudishwa nyumbani siku moja. Dada yake, mdogo wake kwa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyemwita. Alimwambia kwa simu, "Njoo tushirikiane, kaka. Mimi najua kupanga, ila maneno yananipiga chenga." Kaka akaja na kamusi yake, mto wa kukalia na madaftari.

Walielewana vizuri kwa muda mrefu. Kaka alikuwa mtu wa mzaha uliojificha. Mwenye magodoro alipotaka barua yake ianze na maneno "Njoo ulale nasi", kaka alimwangalia kwa upole akamwambia kwamba mkewe atamwita kabla ya mteja yeyote, na yule bwana akacheka mpaka akashika ukuta. Alama za mshangao kaka hakuzitaka kabisa. Alisema kumwekea mtu alama ya mshangao ni kama kumkunja shati barabarani. Na kila barua aliyoandika ilikuwa na mtu ndani yake. Ukiisoma ulihisi kuna mtu amekaa mbele yako, ametulia, hana haraka ya kukuuzia.

Tatizo lilikuwa hiyo kutokuwa na haraka. Barua moja ilimchukua siku nne. Alikwenda kwenye duka la mteja, akakaa kwenye benchi, akasikiliza watu wanaongea nini. Kidoti alivumilia mpaka chama cha wenye maduka madogo kilipowaletea kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata: violezo sitini kwa miezi miwili. Alikaa akapiga hesabu ya siku, akaona kwa mwendo wa kaka hawatafika hata nusu. Akaanza kusema. Kwanza alisema kwa kuzunguka, baadaye waziwazi, kwamba watu siku hizi hawasomi, kwamba barua inatakiwa iwe na mistari mitatu na kitufe kikubwa, kwamba wanafanya biashara na si gazeti. Neno hilo la mwisho lilimchoma kaka.

Ikawa wana kazi ya Mama Miwani mkononi. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye duka la kupima macho na kuuza miwani mtaa wa pili. Alitaka barua ya kuwakumbusha wateja ambao hawajapimwa macho kwa miaka miwili. Kaka aliandika yake, na Kidoti akaandika yake. Hatimaye wakakubaliana wasibishane: orodha ya Mama Miwani ilikuwa na watu elfu moja mia mbili na kumi na wanne, basi waigawe katikati, nusu wapate barua ya kaka na nusu ya Kidoti, halafu waone ni ipi itakayoleta miadi mingi. "Tuwaachie watu waamue," kaka alisema, na Kidoti akaona moyo wake umetua. Hakuwa na shaka yoyote kwamba atashinda.

Barua ya Kidoti ilikuwa na picha ya miwani, maneno MACHO YAKO YANAKUHITAJI kwa herufi nene, mistari mitatu na kitufe cha rangi ya machungwa. Ya kaka haikuwa na picha. Ilisema hivi:

"Ndugu yetu, mara ya mwisho ulipokaa kwenye kiti chetu cha kijani, ulifunika jicho la kushoto kwa kiganja ukasoma herufi mpaka mstari wa sita. Wa saba ulituambia utaujaribu siku nyingine. Imepita miaka miwili. Hatujui siku hizi unasoma nini: labda ujumbe wa mjukuu, labda yale maandishi madogo nyuma ya chupa ya dawa. Ikiwa umeanza kusogeza karatasi mbali ili herufi zikae sawa, si mkono uliofupika. Njoo tuujaribu mstari wa saba. Kiti kipo palepale."

Mama Miwani ndiye aliyemwambia kwamba wengi huishia mstari wa sita. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi lake asubuhi mbili.

Majibu yalitoka siku ya Alhamisi. Kaka alikuwa ameshuka chini kununua chai. Kidoti alifungua kompyuta, akaona namba, akazisoma tena kwa kidole. Barua ya kaka ilikuwa imeleta miadi hamsini na miwili. Yake, kumi na tisa. Alisikia masikio yanapata moto. Aliwaza violezo sitini, aliwaza siku nne kwa kila kimoja, aliwaza pia, ingawa hilo alilikiri baadaye sana, jinsi kaka atakavyokuwa mpole katika kushinda, hatamcheka, na huo upole ndio ungemuuma zaidi.

Kaka akaingia na vikombe viwili, akausukuma mlango kwa kisigino.

"Haya, Kidoti. Wamesemaje?"

Hakuwa amepanga kudanganya. Ulimi ulitangulia, na akili ikaufuata nyuma ikihema. Alisema barua fupi imeshinda.

Kaka akaweka kikombe cha dada yake mezani, taratibu, asimwage. "Yangu imeleta wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Na yako?"

"Hamsini na wawili."

Kaka akatikisa kichwa kidogo, akacheka kwa pua. "Basi," alisema. "Watu wamesema." Akakaa kwenye mto wake, akafungua daftari ukurasa mpya, akamwomba dada yake amwonyeshe zile barua fupi zinaandikwaje.

Na alijifunza kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, aliyekuwa akirudisha habari za waandishi wakubwa zikiwa zimejaa wino mwekundu, aliinama kama mwanafunzi akiandika "Leo tu!" na "Usikose!" na "Bei imeshuka!" Alimaliza viwili kwa siku, halafu vitatu. Siku moja alimwambia dada yake kwamba alama za mshangao alizoziandika wiki ile zingetosha gazeti lake kwa miaka yote kumi na tisa. Alisema kwa mzaha, na Kidoti akacheka, maana asingecheka angelia. Kazi ya chama ikaisha kabla ya wakati, na wenye chama wakasifu.

Huku nyuma Kidoti alifanya jambo la pili. Mwisho wa mwezi ule ilibidi achague barua moja ya kuiacha ijitume yenyewe, kila mwezi, kwa kila mteja wa Mama Miwani anayefikisha miaka miwili. Hakuweza kuchagua iliyoshindwa. Biashara ilikuwa ya mama wa watu, na yeye kazi yake anaijua. Akaiweka ya kaka. Alijiambia kwamba atamweleza mara tu kazi ya chama itakapomalizika, walicheke pamoja. Kazi ikamalizika, naye akaona aibu, kwa kuwa uwongo wa wiki moja sasa ulikuwa umepita mwezi. Leo ikawa kesho, kesho ikawa wiki ijayo. Kaka hakuwahi kuona, maana kutuma halikuwa jukumu lake na kwenye kompyuta ya dada yake hakuwa na desturi ya kuchungulia.

Mama Miwani alipopiga simu kushukuru, akisema watu wanaingia dukani wakitabasamu na wanaulizia mstari wa saba kabla hata ya kusalimia, kaka alikuwa meza ya pili, mgongo umemwelekea dada yake. Kidoti alibana simu sikioni akasema asante. Mama Miwani, ambaye barua zote zilimfikia kwa mkono wa Kidoti, akamwambia ana kalamu tamu. Akasema tena asante.

Mwezi wa nane tangu Alhamisi ile, kaka alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Alipanda nusu, akakaa kwenye kidato cha katikati, na wateja wa dobi wakadhani anangoja nguo. Miguu ilivimba. Daktari akasema moyo umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, na akalazwa.

Kidoti alikwenda kumwona kila siku saa kumi. Wodi ilikuwa na vitanda sita na dirisha moja refu, na kitanda cha kaka kilikuwa karibu na dirisha. Mkewe, ambaye ni wifi yake Kidoti, alikuwa akikaa naye asubuhi, Kidoti akashika jioni. Wiki ya tatu, siku ya Jumapili, kaka alikuwa na nafuu kidogo. Aliegemea mto, akawa anaongea kwa vipande, akipumzika katikati.

Alisema alikuwa akiwaza habari ya gazeti. Lilipofungwa watu wote walimpa pole, lakini yeye hakuumia walivyofikiri, kwa sababu walifukuzwa wote, mpaka mpiga chapa. Halafu akamtazama dada yake kwa yale macho yake yaliyokuwa hayana lawama.

"Ile ya miwani ndiyo iliyoniuma," alisema. "Pale nilishindwa peke yangu."

Hakuna muuguzi aliyeingia wakati ule. Simu haikulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umebaki zaidi ya nusu saa. Baadaye Kidoti alilirudia jambo hili mara nyingi, akitafuta kitu cha kusingizia, na hakukipata. Maneno yalimfika kooni. Aliona jinsi yatakavyokuwa: kwanza atamfurahisha, halafu kaka atauliza ni kwa nini, naye atalazimika kumjibu mtu anayehema hivyo. Akavuta shuka akamfunika miguu.

"Kaka, usiwaze mambo ya kazi. Pona kwanza."

"Sawa," kaka alisema, na akageukia dirisha.

Alifariki Jumanne, saa tano kasoro asubuhi. Kidoti alikuwa kazini akichagua kijani cha kitufe cha muuza miche. Wifi yake alipopiga simu alikuwa akilia tu, na Kidoti akaelewa.

Watu walikuwa wengi msibani kuliko ilivyotarajiwa. Walikuja wa gazetini waliozeeka, akaja dobi na mkewe, wakaja wenye maduka ambao Kidoti aliwajua kwa barua zao. Mama Miwani alikuja siku ya tatu. Aliwakuta wanawake wamekaa sebuleni, wifi katikati yao, Kidoti pembeni yake. Akatoa pole, akaketi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa moyo mwema asiyejua kukaa kimya mbele ya huzuni, akaanza kuwafariji kwa sifa. Aliwaambia waliokuwepo kwamba marehemu ameacha mdogo wake mwenye kipaji, kwamba barua aliyomwandikia imemrudishia watu aliokwisha kuwasahau. Akasoma kipande kwa kichwa, kama mtu anayejua shairi.

"'Si mkono uliofupika,'" alisema, akatabasamu huku machozi yakimlenga. "Jamani, mtu anatoa wapi neno kama hilo?"

Wifi aliinua kichwa. Alimtazama Mama Miwani, kisha akamtazama Kidoti, muda mrefu. Halafu akainamisha kichwa tena, na mtu ambaye hakuwa akiwajua angedhani ni uchovu.

Hakuuliza kitu siku ile wala iliyofuata. Alingoja mpaka wageni walipokwisha kutawanyika na nyumba ikabaki na watu wake. Ilikuwa mchana. Walikuwa wawili kwenye bomba la nyuma wakiosha vikombe vya watu, wifi anaosha, Kidoti anasuuza.

"Ile barua alinisomea mimi," wifi alisema. Hakupaza sauti. "Jikoni humo, nikikata mboga. Aliniuliza neno la mkono uliofupika litamchekesha mtu au litamkera. Nikamwambia litamchekesha."

Kidoti aliacha maji yakimwagika bure.

"Kumbe ilikuwa inatumika," wifi akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na yeye akaambiwa imeshindwa."

Kidoti alimweleza yote, tangu ile Alhamisi. Alitaja namba zote mbili. Alieleza kazi ya chama, akaeleza simu ya Mama Miwani, akaeleza na Jumapili ya hospitali, kwa sababu aliona akiacha hiyo atakuwa hajasema kitu. Wifi aliendelea kuosha kikombe kimoja, kilekile, akikizungusha na kukizungusha. Kidoti alitarajia atukanwe. Angependa atukanwe.

"Miaka ishirini na miwili alikuwa ananisomea," wifi alisema mwishowe. "Kila alichoandika, hata barua ya kuomba bomba litengenezwe. Siku aliyorudi akaniambia watu wamemkataa, alicheka, tukala. Baada ya hapo hakunisomea tena. Nikimwambia nisomee, anasema ni matangazo tu, hayana maana. Mimi nikajua amenichoka." Akakiweka kikombe chini. "Mwaka mzima karibu, nimelala karibu na mtu huku nikidhani amenichoka. Hata hospitali nilikuwa nakaa pale asubuhi nikijiuliza nimemkosea nini."

Kidoti alikuwa amejiandaa kubeba kosa alilomkosea kaka. Hili la pili hakulijua, na lilimwangukia lote kwa mkupuo. Alifungua mdomo kuomba radhi, wifi akamwashiria kwa mkono wenye povu anyamaze.

Baada ya muda wifi akauliza kama kuna watu waliowahi kuijibu barua ile.

Walikuwepo. Wengi wa wateja hubonyeza kitufe basi, lakini wengine huandika, wakidhani kuna mtu upande wa pili. Majibu yaliingia kwenye sanduku ambalo Kidoti peke yake alikuwa akilifungua. Kesho yake alikwenda kazini, akayachapisha yote kwenye karatasi. Yalikuwa sitini na matatu. Alikuwa ameyaona yalipoingia, moja moja, akayajibu kwa mstari mmoja wa adabu na kuyasahau. Sasa aliyasoma yakiwa pamoja.

Seremala mmoja alisema mstari wa saba umemshinda tena lakini amecheka njia nzima, wamwambie aliyeandika. Mwanamke mmoja alisema alikuwa ameisoma ile barua kwa kunyoosha mkono, alipofika pale pa mkono uliofupika mumewe akamuuliza anacheka na nani. Mwingine alisema hajui kama anayeandika ni mzee au kijana, ila anaomba asiache. Na mmoja aliandika hivi: "Mteja wenu ni mama yangu. Alifariki mwezi wa pili. Nimeisoma kwa niaba yake. Yeye alikuwa anaishia wa tano, ila asingekubali kusema. Asanteni kwa kumkumbuka." Kidoti alikuwa amemjibu huyo kwamba jina limekwisha kufutwa kwenye orodha.

Alizitia karatasi kwenye bahasha akazipeleka. Wifi alizipokea mlangoni. Hakumkaribisha ndani, na Kidoti hakungoja kukaribishwa.

Wiki mbili zikapita bila neno. Kisha asubuhi moja wifi akapanda ngazi za ofisini, peke yake, akasema amekuja kuchukua vitu vya mumewe. Kidoti alimsaidia kukusanya: kamusi, mto wa kukalia, koti la mvua, miwani ya akiba, na madaftari kumi na moja yaliyokuwa kwenye droo. Wifi aliyafungua mawili matatu kuangalia mwandiko, akayapanga kwenye mfuko mwenyewe, hakutaka yashikwe.

Alipomaliza alikaa kidogo kwenye kiti cha kaka.

"Nimezisoma zote," alisema. "Nilizisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akinisomea. Nilijisikia mjinga, lakini nikazisoma."

Kidoti akamwambia kwamba hajui ataombaje msamaha.

"Ulio wake huwezi kuupata tena, na mimi siwezi kukupa kwa niaba yake," wifi alisema. "Ulio wangu haujafika. Sikufichi, Kidoti. Nautafuta kila siku nikiamka, sijauona. Nisije nikakudanganya na mimi."

Aliinuka na mfuko wake. Kiti nacho alikuwa amekuja kukichukua, akakishika upande mmoja. Kidoti akashika upande wa pili, wakashuka nacho. Ngazi zilikuwa nyembamba na kona yake kali, ikabidi waambiane: inua kidogo, rudi kwako, taratibu hapo. Dobi alitoka akataka kuwapokea, wote wawili wakamwambia wanaweza. Wakakipandisha kwenye gari lililokodiwa, wifi akakaa mbele na dereva, mfuko wa madaftari mapajani.

Jioni ileile Kidoti alikwenda kwa Mama Miwani akamweleza ni nani aliyeandika barua, na jinsi yeye alivyoipokea sifa. Mama Miwani alimsikiliza huku akifuta vioo kwa kitambaa, na uso wake wa ucheshi ukapungua kadiri maneno yalivyoendelea. Hakumfukuza. Alitaka barua iendelee, ila chini yake liandikwe jina la aliyeitunga na kwamba hayupo tena. Kidoti akaliandika mbele yake. Halafu Mama Miwani akauliza kama marehemu aliacha nyingine kama ile.

Kidoti alijua zipo. Kwenye yale madaftari kulikuwa na barua ambazo kaka alizianza kabla ya ile Alhamisi, za muuza miche, za mwoka keki, hata moja ya dobi ambaye hakuwahi kuomba barua.

"Zipo," alisema, "ila si zangu kuzitoa."

Hajaenda kuziomba. Siku hizi anaandika mwenyewe, taratibu, na nyingi zinatoka butu. Anajua hivyo na anazituma hivyohivyo, kwa kuwa wateja wanangoja. Wifi yake humpigia simu panapokuwa na jambo la familia, huongea naye kwa adabu, humuuliza hali, humtengea chai akifika. Wanakaa meza moja. Ule mfuko uko juu ya kabati chumbani, unaonekana mlango ukiwa wazi, na hakuna kati yao ambaye amewahi kuutaja.